Muulize Kocha: Mwili uko nyumba, roho iko Menengai

Mwezi huu barua zimejaa watu waliofungiwa nyumba. Hakuna aliyefungiwa na serikali, ni mguu, ni mtoto mchanga, ni mvua, na mmoja ni magoti ya uzee. Wote wanataka kitu kimoja tu, hobi ya ndani isiyokula pesa, kwa mtu ambaye hajazoea kukaa chini ya mabati mchana kutwa. Nimechagua barua nne na nusu. Hiyo nusu mtaijua mkiifikia.

*Sasa Kocha. Mimi ni kijana wa hapa Nakuru na kila Jumamosi ya Mungu lazima nipande Menengai na maboi wangu. Wiki 2 zilizopita niliteleza kwa yale mawe meusi nikavunja kifundo, niko na plasta karibu ifike goti, daktari anasema wiki 6, na mimi naishi ghorofa ya 4 na lifti hakuna. Simu nimeimaliza yote, nimeangalia mpaka video za watu wakiosha mazulia. Pesa sina ju kazi yangu ni ya kutembea. Nipe kitu cha kufanya kabla nichizi. – Mguu kwa Plasta*

Pole kaka. Kwanza mambo ya plasta tuyamalize haraka: usiingize spoku ya baiskeli ndani kujikuna ata ikuwashe namna gani, ukikaa weka mguu juu ya mito, chezesha vidole, na siku vidole vikiwa baridi ama vibadilike rangi ama vife ganzi usiningoje mimi, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuongee. Mimi mwenyewe nilishawahi kukaa wiki 8 na goti na kosa langu ni kwamba nilikimbilia hobi ya mtu mwingine. Nilinunua gitaa kwa deni, nikalipiga siku 3, na mpaka leo liko kwa ukuta mama watoto anaanikia soksi. Sikuwa nimejiuliza namiss nini hasa, ju watu husema "namiss nje" kama kwamba nje ni kitu kimoja na si kitu kimoja, kuna mtu nje kwake ni kutoa jasho, kuna mwingine ni kile kimya, mwingine ni stori za njiani na chai ya thamosi kule juu, na kuna yule anataka tu macho yaone kitu kipya. Ukijijua wewe ni yupi hobi inajichagua yenyewe. Wewe kwa barua yako umetaja Menengai kabla hujataja mguu, kwa hivyo naona unachomiss ni mlima wenyewe.

Basi ujenge. Sikutanii, jenga Menengai kwa meza yako, kwa katoni.

Iko hivi. Kuna ramani ya bure kwa intaneti inaitwa OpenTopoMap, inaonyesha ile mistari ya urefu, yaani kila mstari unapita mahali penye mwinuko mmoja. Fungua Nakuru, tafuta kreta, yaani lile shimo kubwa la volkano, tuma kijana wa jirani saiba akuchapishie kwa ukubwa ambao kilomita 1 kwa ramani inasoma sentimita 4 kwa rula. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanachapisha tu bila kupima, alafu kila kipande kinakataa kukaa juu ya mwenzake. Kwa hicho kipimo kreta nzima, ambayo ni kama kilomita 12 kwa 8, inakuja sentimita 48 kwa 32, inaingia kwa karatasi 4 za A4 zikiunganishwa na gundi. Na uzuri wa hicho kipimo ni huu: mita 100 za kupanda zinakuwa milimita 4, na milimita 4 ni unene wa katoni nyingi za duka. Kwa hivyo kila katoni moja ni mita 100, na mlima wako utakuwa wa ukweli, haujarefushwa wala kufupishwa.

Fuata mstari wa 1,900, kata katoni kwa huo umbo. Alafu 2,000, alafu 2,100, alafu 2,200, alafu kipande kidogo kabisa cha kilele ambacho ni mita 2,278. Kumbuka hii ni kreta, si kilima, kwa hivyo kila kipande kinakatwa nje NA ndani. Ukisahau kukata ndani utakuwa umetengeneza keki. Wembe mpya, rula ya chuma, na gundi pika mwenyewe, unga wa ngano vijiko viwili na maji koroga kwa moto mpaka iwe kama uji mzito. Panya wanaipenda hiyo gundi kuliko wewe, kwa hivyo ukimaliza funika na vipande vya gazeti na rangi iliyobaki kwa fundi yeyote. Ukitaka madoido weka pini pale mvuke unatokea na pale kwenye visima vya GDC, ile kampuni ya serikali ya mvuke wa ardhini, wale walianza kuchimba 2011.

Itakuchukua wiki 3 ukienda polepole, na naapa utaona vitu miguu haikukuambia. Utaona ukingo ni mrefu wapi na umechoka wapi. Utaona kwa nini ile njia yenu inawatoa pumzi mahali pamoja kila Jumamosi mkidhani ni chai mliokunywa. Na ukingo ukishazunguka wote utaelewa ata bila mwalimu kwamba hiki kitu hakikuchimbwa, kilizama, moto wa chini ulitoka kwa wingi dari ikabaki haina nguzo ikaanguka.

Kama data iko, kuna hobi ingine dada yake hiyo. OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida tangu 2004, unajiandikisha bure, unafungua picha ya setilaiti na unachora barabara, nyumba na vijia ambavyo havimo. Vijana wa Kibera walichora mtaa wao hivyo 2009 wakati kwa ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Wewe unajua vichochoro vya huko juu ambavyo mtu wa Ulaya akiangalia picha hawezi kujua kama ni njia ya watu ama ya mbuzi. Chora. Simu inaweza lakini laptopu ya kuazima ni bora, kidole ni kinene.

Na maboi wakuje Jumamosi kwako, wapande ngazi 4 wajue uchungu. Mkichoka kuongea chezeni bao. Najua mmepita Hyrax Hill hapo Lanet mara mia mkielekea Nairobi bila kusimama, na hapo kuna mashimo ya bao yamechongwa kwa mwamba na watu wa zamani sana, Mary Leakey alianza kuchimba hicho kilima 1937. Ubao sina haja ya kukuuzia, soma jibu langu la mwisho, uko kwa trei ya mayai.

*Kocha hujambo. Niko Kisumu na nina mtoto wa miezi 2. Kabla yake nilikuwa nikienda Dunga asubuhi na darubini ya kukopa kuangalia ndege. Sasa siendi popote, mkono mmoja una mtoto saa zote, usingizi sijui ulienda na nani. Mama mkwe anasema nijifunze kroshe. Kroshe na mkono mmoja jameni? – Mama wa Alfajiri*

Hongera mama, na mama mkwe mwambie asante, kroshe ni nzuri, ingoje mikono irudi miwili.

Lakini hebu niulize, saa kumi na moja na nusu asubuhi uko macho? Uko macho. Hiyo ndio saa wenye darubini za bei wanaweka alamu tatu ili waamke na bado wanachelewa, na wewe unaamshwa bure na mtu wa kilo 5. Ndege hawajakuhama, kilichokuhama ni darubini tu, na darubini ilikuwa inakudanganya. Ukiwa nayo unasahau masikio. Yule mashuhuri wenu wa Dunga, papyrus gonolek, yule mwekundu tumboni wa kwenye mafunjo, si unajua husikika wawili wakijibizana kabla hujaona ata mkia? Sasa huu ndio wakati wa kutengeneza masikio.

Fanya hivi. Kiti chako cha kunyonyeshea kiweke karibu na dirisha. Bandika karatasi moja kubwa ukutani, kalamu ifunge na uzi ining'inie hapo hapo ju kalamu huenda na usingizi. Kila sauti usiyoijua ipe jina la kienyeji lako mwenyewe, andika venye inasikika kwako, kwa Dholuo kwa Kiswahili kwa lugha yoyote, mimi kuna mmoja nilimwita "mlango wa kabati" miezi miwili mpaka nikamuona. Anza na watano. Hadada huyo hata hahitaji masomo, ni yule wa domo refu anapita juu ya mabati akipiga kelele kama ameibiwa. Mwewe ana ile filimbi inatetemeka. Mnana kama wako kwa mti wa jirani ni soko la Jumapili. Furukombe ukikaa upande wa ziwa utamsikia akirusha kichwa nyuma akilia. Alafu kuna yule wa kijivu wa mdomo wa njano mwenye nywele zimesimama, anayecheka kama mtu amesikia siri yako, huyo amejaa Kisumu na watu wengi wa Nairobi hawamjui kabisa, ni ndege wa magharibi, mringie.

Beseni bapa la maji kwa dirisha ama kwa balkoni linaita wengi kuliko chakula, na chakula sikushauri ju utaita panya. Maji badilisha kila siku bila kukosa. Uko Kisumu, unajua mbu.

Ukitaka hiyo karatasi isaidie na wengine kuna Kenya Bird Map, iko tangu 2013, nchi imegawanywa miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9 na kila mtu anatuma ndege alioona kwa mraba wake. Orodha kamili wanataka angalau masaa 2 ya kuangalia ndani ya siku 5 na uzunguke mazingira tofauti, hiyo ni ya mtoto akianza kukaa mgongoni. Kwa sasa tuma hiyo fupi ya dirishani, inapokelewa.

*Habari Kocha. Mimi ni baba wa vijana wawili, 11 na 13, tuko karibu na Kakamega Forest na hawa watoto ni wa msitu kabisa. Sasa hii mvua ya kila siku saa nane mchana imewafungia. Wamevunja kiti, wamevunja kitanda, jana wamefunga kuku kamba wakisema ni uokoaji. Nifanye nini bila kununua vitu? – Baba wa Nguvu Mingi*

Kuku pole.

Baba, hiyo mvua ndio hobi. Kwenu hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hiyo ukiisimamisha inapita kichwa cha huyo wa 13, na watoto wanaona ni adui tu. Wape kazi ya kuipima. Chupa ya soda ya lita 2, ile sehemu ya shingo ikatwe, igeuzwe kichwa chini irudishwe ndani iwe faneli. Chini ya chupa pana mabonde mabonde, hapo wajaze kokoto ndogo na maji mpaka pale chupa inaanza kuwa nyoofu, hapo ndio sufuri. Wabandike rula ama utepe wa karatasi wenye milimita, wafunike na selotepu. Iwekwe mahali wazi mbali na mti na paa, ifungwe kwa mti mfupi isianguke. Kila asubuhi saa moja wanasoma, wanaandika kwa daftari, wanamwaga, wanarudisha maji kwa sufuri. Wapigane kwa kubahatisha, kila mmoja anaandika jioni anadhani itakuwa ngapi, aliyekosea zaidi anaosha vyombo. Nyumba yangu ilipata amani ya miezi mitatu kwa hii kitu na vyombo viling'aa.

Ile hesabu tamu iko hapa: milimita 1 ya mvua ikianguka kwa mita mraba 1 ni lita 1 kamili. Wapime paa lenu. Kama ni mita mraba 40 na jana ilinyesha milimita 25, hiyo ni lita 1,000, tangi zima limepita kwa mabati likaenda shambani kwa jirani. Usishangae wakianza kukusumbua ununue mifereji, hapo nisamehe, nilisema hobi ya bei rahisi ya watoto, sikusema ya baba.

Na zile kamba za kuku usizinyang'anye. Wafundishe mafundo 3 tu lakini wayajue gizani: lile la kufunga ng'ombe lisilomkaba shingo, lile la kuunganisha kamba mbili zisizolingana unene, na lile la kukaza mzigo kwa boda. La kwanza wakilifunga macho yamefungwa na kitambaa, mkono nyuma ya mgongo, huku wa pili anahesabu sekunde, utasikia nyumba imetulia kama kanisa. Hilo la pili wakilijua sawasawa kuna barua hapa chini itawahusu.

*Kocha, kukaa kwa kochi na kuangalia video za watu wakipanda Mlima Elgon inahesabika kama hobi? – Wa Bungoma*

Hapana. Koitobos, kile kilele cha Elgon upande wa Kenya, ni mita 4,222 na wewe hujatoa tone la jasho. Chukua mtungi wa maji wa lita 10 kwa begi la mgongoni, panda na ushuke ngazi za ploti yenu mara 20, alafu urudi kwa hiyo video. Utaiona ni ingine.

*Habari yako Kocha. Baba mkwe wangu alikuwa mvuvi Mbita maisha yake yote. Magoti yamekataa na mwaka huu tulimleta kwetu Nakuru. Hapa baridi hatoki nje, anakaa kwa kiti anaangalia ukuta. Tulimnunulia redio ameizima. Mume wangu anasema mzee amechoka tu aachwe, mimi naona ni kitu kingine. Nimtafutie nini? – Mke wa Kifungua Mimba*

Dada, uko sawa na bwanako amekosea, na umwambie nimesema. Mtu aliyeamka usiku wa manane miaka yote hiyo kwenda ziwani na taa za omena hachoki kwa kukaa, anachoka kwa kukosa anayemhitaji. Redio inamwambia mambo, yeye haimuulizi kitu.

Anza na rahisi. Trei tupu ya mayai ina mashimo 30, yaani 5 kwa 6. Kata kipande cha safu 2 za mashimo 6, alafu kwa kilichobaki kata cha 2 kwa 2, viunganishe, umepata safu 2 za mashimo 8. Hiyo ni ajua, bao la Wajaluo. Tia maharagwe 3 kila shimo, jumla 48, weka mbele ya Jaduong' na usiseme kitu. Sheria usizitafute kwa simu, zinabadilika kijiji kwa kijiji na za kwake ndizo sahihi. Mguu kwa Plasta, wewe kama mnataka bao la Waswahili mnahitaji safu 4 za mashimo 8 na kete 64, kwa hivyo trei 2, ya kwanza kata 4 kwa 6 na ya pili 4 kwa 2. Na ukishapata nafuu ukipitia kwa huyu mzee usicheze naye pesa.

Lakini ajua ni ya jioni. Mchana anataka kazi, na kazi anayo mikononi: nyavu. Sikwambii umnunulie wavu wa kuvua, atavua wapi, kwa Lake Nakuru na flamingo? Angalia uwanja wa watoto hapo mtaani kwenu, goli zina nyavu? Nina hakika hazina, ni miti miwili na ubishi kama mpira ulipita juu ama ndani. Nunua rola ya uzi wa nailoni ule mnene, sindano ya kushonea nyavu fundi yeyote wa mbao anaweza kuichonga akionyeshwa, na kibao kidogo laini cha upana wa sentimita 10 cha kupimia macho ya wavu. Mpira ni kama sentimita 22, haupiti. Fundo lenyewe ni lile lile nililowaambia vijana wa Kakamega, la kuunganisha kamba, linarudiwa mara elfu na zaidi, na hicho ndicho kitu chake, ule mwendo wa mkono ambao hauhitaji magoti. Aanze na kamfuko ka kubebea mpira, siku 2 kameisha, watoto wakione, wapeleke habari uwanjani.

Na namna ya kumpa ni muhimu kuliko uzi. Usimwambie "baba nimekuletea hobi", atakuangalia vile aliangalia redio. Wewe kaa sebuleni na huo uzi na hiyo sindano, anza kushona ovyo, kaza fundo vibaya, lifungue, guna kidogo. Mume wako pia akae hapo afanye vibaya zaidi, hiyo haitamshinda. Haitapita saa moja kabla hamjasikia kiti kimesogea. Akishakunyang'anya sindano toka polepole uende jikoni, na siku hiyo kama umepata ngege sokoni usimkatie vipande, mpikie mzima, na kichwa chake.